Kitabu cha kale, karatasi mpya: ninavyokagua kabla ya kulipa

Nilikinunua kando ya Tom Mboya Street, saa kumi na moja jioni, mvua ikianza kudondoka na muuzaji ameshashika nailoni ya kufunikia vitabu vyake. Kilikuwa kitabu cha historia ya Wayahudi, cha zamani kilichochapwa upya, jalada linang'aa kama sahani ya harusi. "Mama, hiyo ni orijino, imetoka nje," akaniambia. Nikatuma shilingi 1,400 kwa M-Pesa nikakimbilia matatu ya Buruburu. Nyumbani ndipo nilipokisoma. Kila mahali mwandishi alipoweka neno kwa herufi za Kiebrania, kitabu changu kilikuwa na takataka. Palipofaa kuwa תורה, yaani Tora, paliandikwa "nnin".

Nilikuwa mkutubi wa shule kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, kwa hiyo aibu yangu ilikuwa mara mbili. Siku hizi nanunulia vitabu maktaba ndogo ya mtaa wetu. Wasomaji wetu ni walimu walio vyuoni wanaotafuta vitabu vya elimu, vijana wa kompyuta, na watu wa kanisa wanaotaka kujua Wayahudi walisoma nini na waliishi vipi. Makundi haya hayasalimiani sana, lakini shida yao ni moja: vitabu wanavyovitaka vingi ni vya kale, na nakala unazozipata Nairobi ni chapa mpya. Chapa mpya inaweza kuzidi ile ya kwanza kwa ubora. Inaweza pia kuwa nnin. Hivi ndivyo ninavyozitenganisha nikiwa nimesimama kando ya barabara, mkoba kwapani.

Uliza kilizaliwaje upya

Kitabu cha kale hurudi sokoni kwa njia tatu.

Ya kwanza ni nakala ya picha. Kila ukurasa wa kitabu cha zamani umepigwa picha, na picha hizo ndizo zilizochapwa. Utaitambua kwa herufi zenye sura ya kizamani, vidoadoa vya uchafu, pengine na muhuri wa maktaba fulani ya mbali. Wengi huona vidoa hivyo wakakirudisha mezani. Mimi hufurahi. Vidoa maana yake hakuna mashine iliyojifanya mwandishi: Kiebrania kiko vilevile, milinganyo iko vilevile, namba za kurasa ni zilezile wanazozitaja wasomi. Kasoro yake iko kwenye ramani na michoro ya kukunjua. Aliyekuwa akipiga picha kurasa mia tano kwa siku hakuwa na muda wa kukunjua karatasi, basi unapata picha ya ramani ikiwa bado imekunjwa, au kidole cha mtu.

Ya pili ni kitabu kilichopangwa herufi upya na binadamu, akakisahihisha na kuweka jina lake. Humo utakuta utangulizi mpya wenye jina na mwaka, na faharasa iliyotengenezwa upya. Ukikipata hiki kwa bei nzuri, usijifanye unafikiria.

Ya tatu ndiyo iliyonila pesa. Mashine inatazama picha ya ukurasa, inakisia herufi, inatoa maandishi, na mtu anayapeleka kiwandani bila kuyasoma. Mashine iliyofundishwa herufi za Kilatini pekee ikiona ה au ת haijui kusema "sijui". Inaona miguu miwili na paa, inaandika n. Kwa Kiingereza cha kawaida itasoma vizuri mistari kumi, wa kumi na moja iandike "tlie" badala ya "the". Jina la sura lililokuwa juu ya ukurasa litaangukia katikati ya sentensi. Tanbihi zitamezwa na habari yenyewe, usijue mwandishi anasema au ananukuu.

Mtihani wangu unachukua dakika mbili. Nenda kwenye faharasa nyuma, chagua majina matatu, ufuate namba za kurasa. Ukienda ukurasa wa 212 ukamkosa mtu wako, na wa 90 ukamkosa, basi maandishi yamepangwa upya na faharasa imeachwa na namba za kitabu cha zamani. Kama faharasa haipo kabisa katika kitabu kizito cha historia, hilo nalo ni jibu. Halafu fungua katikati, popote, usome ukurasa mzima. Si ule wa kwanza, kwa sababu ukurasa wa kwanza hata mwizi huusafisha.

Nyuma ya ukurasa wa jina

Huko ndiko kitabu kinakotoa kitambulisho chake. Tafuta mwaka wa kwanza wa kuchapishwa, mchapishaji wa kwanza, na kama chapa hii imefuata toleo gani. Watu huchanganya toleo na chapa. Toleo likibadilika, maneno ndani yamebadilika. Chapa ni mtambo kurudia maneno yaleyale. Ule mstari wa namba kama 10 9 8 7 6 5 4 ndio unaokwambia: namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa uliyoshika, hapa ya nne.

Kitabu kinachotaja mwaka wa juzi tu, huku mwandishi wake alifariki kabla ya reli kufika Nairobi, kinaficha kitu. Geuza pia ukurasa wa mwisho kabisa. Vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja mteja anapoagiza mara nyingi huwa na mistari ile ya kuskeniwa dukani pamoja na mahali kilipochapwa. Si dhambi kuchapwa hivyo. Ila unajua sasa kwamba hakuna aliyechapa elfu mbili akahofia kurudishiwa.

Kuna namba ya ISBN pia, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, na hesabu yake naipenda kuliko inavyostahili. Mpaka 2006 ilikuwa na tarakimu 10, kuanzia 2007 ni 13. Chukua kitabu cha lugha ya kompyuta iitwayo C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, toleo la pili la 1988: 0-13-110362-8. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 10, ya pili kwa 9, ya tatu kwa 8, ukishuka hivyo hadi ya mwisho kwa 1. Utapata 0, 9, 24, 7, 6, 0, 12, 18, 4 na 8. Jumla 88. Gawanya kwa 11, haibaki kitu. Ikibaki, namba imekosewa au imebuniwa. Zile za tarakimu 13 huzidishwa kwa 1 na 3 kwa zamu, na jumla yake lazima igawanyike kwa 10. Mwizi hodari hunakili namba halali, kwa hiyo hesabu hii inakamata wazembe tu. Lakini wazembe ni wengi.

Vitabu vya kompyuta

Hapa vijana hunibishia. Wanasema kitabu cha kompyuta cha mwaka 1988 ni cha kufungia njugu. Nawajibu kwamba vipo vya aina mbili. Kile kinachokufundisha kubonyeza wapi katika programu fulani ni sukuma wiki ya jana, hata ukipewa bure usikichukue. Kile kinachofundisha kufikiri hakiozi. George Boole alichapisha kitabu chake cha kanuni za fikra mwaka 1854, hakuna kompyuta duniani, na leo kila simu mfukoni mwa abiria wa matatu inaendeshwa na hesabu yake ya kweli na si kweli.

Tatizo ni kwamba vitabu hivi ndivyo mashine inavyoviumiza zaidi. Mlinganyo mkuu wa Boole ni x² = x, na ukiufikiria unaona kwamba ni 0 na 1 pekee zinazoukubali. Mwaka uliopita nilishika nakala iliyosema x2 = x. Ile mbili ndogo ilishuka chini, na kitabu kizima kikawa hakina maana, kwa sababu hoja yote imesimama juu ya ile mbili. Kwa hiyo ukiwa na kitabu cha hesabu au mantiki, tafuta mlinganyo wowote wenye namba iliyopanda juu, uangalie kama bado iko juu.

Kwa kitabu cha programu, nenda kwenye programu ya kwanza kabisa. Kwa Kernighan na Ritchie ni ile inayoandika salamu kwa dunia, na kabla ya alama ya kufunga nukuu kuna \n. Mkwaju huo ulioegemea nyuma upo? Alama za nukuu zimesimama wima, au zimejikunja kama za gazeti? Zikijikunja, kompyuta itakataa, na mwanafunzi atakesha akidhani yeye ndiye mjinga. Kwa Python tazama nafasi zilizoachwa mwanzoni mwa mistari, maana lugha hiyo husoma nafasi kama sisi tunavyosoma nukta. Mistari yote ikiwa imepangwa ukutani kama wanafunzi paredi, rudisha.

Kitabu hicho hicho kina mtego mwingine. Toleo la kwanza ni la 1978, la pili 1988, na la pili lina maneno ANSI C kwa rangi nyekundu kwenye jalada. La kwanza ni la kumbukumbu, lugha yenyewe ilisawazishwa baadaye. Anayetaka kujifunza anunue la pili, anayetaka kujivunia anunue la kwanza. Nimewahi kuuziwa la kwanza kwa bei ya la pili, nikanyamaza kimya kabisa.

Vitabu vya elimu, na swali la wizi

Walimu wanaosomea shahada huja na majina ya wanafikra watatu wa elimu: John Dewey, Maria Montessori, Paulo Freire. Wawili wa kwanza usihangaike. Kitabu cha Dewey cha elimu na demokrasia ni cha 1916, tafsiri ya Kiingereza ya mbinu ya Montessori, aliyoifanya Anne E. George, ni ya 1912, na Dewey na Montessori wote walifariki 1952. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inalinda maandishi maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hesabu mwenyewe: ya kwao yaliisha mwisho wa 2002. Yeyote anaweza kuwachapa, na ndiyo sababu utakuta chapa kumi tofauti za kitabu kimoja. Ukikagua, nunua ya bei ya chini iliyofaulu ule mtihani wa faharasa. Kwa Montessori hakikisha picha za vifaa vya watoto zimo. Bila picha, mwalimu anasoma maelezo ya vipande vya mbao asivyoviona.

Freire ni habari nyingine. Alifariki 1997, kwa hiyo hapa kwetu analindwa hadi mwisho wa 2047, na mtafsiri ana haki yake kando. Kitabu chake cha shilingi 350 chenye wino uliofifia upande mmoja na maandishi yaliyolala kidogo ni fotokopi iliyovalishwa koti. Nimekwisha kusikia utetezi wote: vitabu ni ghali, mwandishi alikuwa mtu wa maskini, angefurahi. Huenda. Lakini maktaba yetu haiwezi kugonga muhuri wake kwenye mali ya wizi, na fotokopi hiyo itaachia kurasa kabla muhula haujaisha. Tafuta nakala halali ya mtumba. Zipo, nimezipata mbili kwa shilingi 500 kila moja, moja ikiwa na maelezo ya penseli ya mwanafunzi aliyekasirika sana.

Ripoti ya Tume ya Ominde, ile ya elimu ya Kenya baada ya uhuru, huulizwa pia. Kumbuka ilitoka kwa sehemu mbili, ya kwanza 1964 na ya pili 1965. Anayekuuzia kijitabu kimoja akisema "hiyo ndiyo yote" amekuuzia nusu.

Urithi wa Kiyahudi

Sasa niseme lile lililonipa kitabu kwa shilingi 200. Vitabu vya Kiebrania hufunguka kutoka kulia. Aliyesoma madrasa Mombasa au Lamu haambiwi hilo, msahafu umeshamfundisha. Lakini muuzaji mmoja Moi Avenue alikuwa na kitabu cha sala, Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kimeshonwa vizuri, na alikuwa anaona haya nacho. "Mama, hii jalada walibandika nyuma mbele. Nipe mia mbili uende nayo." Nilimpa. Njiani dhamiri ikanisumbua, wiki iliyofuata nikarudi nikamweleza. Alicheka, kisha akanionyesha kingine, na hicho alikitaka elfu mbili.

Jambo la namna hiyo hiyo: tulipopewa juzuu ya Talmudi, mkusanyo wa sheria na mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, msomaji wetu mmoja aliirudisha akisema ukurasa wa kwanza umechanwa. Haukuchanwa. Katika Talmudi ya Babeli karibu kila kitabu huanza ukurasa wa 2, na kila karatasi ina pande mbili, a na b. Wachapaji wamehifadhi mpangilio huo, ndiyo maana mtu wa Nairobi na mtu wa Buenos Aires wakitajiwa Berakhot 2a, yaani kitabu cha Berakhot, karatasi ya 2, upande wa a, hutua mahali pamoja. Chapa inayovunja mpangilio huo inakuondolea njia ya kufuata marejeo ya mtu yeyote.

Watu wa kanisa humtaka Yosefo, mwanahistoria wa karne ya kwanza, na karibu wote wanatafuta fungu moja maarufu linalomtaja Yesu, katika historia yake ya mambo ya kale ya Wayahudi. Nakala nyingi za bei nafuu ni tafsiri ya William Whiston ya 1737. Inasomeka, sina neno nayo. Ila wasomi wa leo huliandika fungu hilo 18.63, na kwa Whiston ni kitabu cha 18, sura ya 3, fungu la 3. Nunua chapa iliyoweka namba zote mbili, la sivyo utazunguka humo mpaka macho yaume. Kwa Biblia ya Kiebrania kwa Kiingereza, tafsiri ya Jewish Publication Society ya 1917 ndiyo inayochapwa na kila mtu. Lugha yake ni ya kizee. Mimi naipenda, vijana hawaipendi.

Ensaiklopidia ya Kiyahudi ya New York, juzuu 12 zilizotoka kati ya 1901 na 1906, huuzwa juzuu moja moja kama nyanya. Angalia herufi za mwanzo na mwisho kwenye mgongo kabla ya kulipa, na uitake kwa nakala ya picha pekee. Kiebrania kimejaa humo.

Na kama unachotafuta ni habari ya kwetu, usitafute "Kenya" kwenye faharasa. Jina hilo la nchi lilianza rasmi 1920. Mwaka 1903 Waingereza walipopendekeza Wayahudi wapewe ardhi Uasin Gishu, pendekezo likafikishwa kwenye mkutano wa Wazayuni mjini Basel, likaitwa mpango wa Uganda, kwa sababu hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa upande wa Uganda. Mkutano wa 1905 ulilikataa. Tafuta basi "Uganda", au "East Africa", au "Guas Ngishu", maana ndivyo walivyoandika. Mwanafunzi mmoja wa historia alikaa kwetu Jumamosi nzima akiniambia vitabu vyangu havina kitu. Nilimwandikia neno "Uganda" kwenye kipande cha karatasi. Sinagogi ya Nairobi unayoipita pale University Way ni ya jumuiya iliyoanza 1904, miaka hiyohiyo.

Mwili wa kitabu, kwa haraka

Tazama mgongo kutoka juu. Ukiona vijitabu vilivyokunjwa vimepangana, kimeshonwa. Ukiona karatasi zimekatwa sawasawa na kuzamishwa kwenye gundi, kifungue katikati taratibu usikilize. Kikilia kama biskuti, gundi imekauka. Paka kidole mate kidogo, gusa herufi pembeni, uone kama wino unatoka. Usibandike selotepu kamwe, hugeuka kahawia na kula karatasi. Uji mzito wa unga wa ngano unatosha kwa mpasuko mdogo. Na Julai, kwa baridi na unyevu, usipange vitabu kwenye ukuta wa nje.

Ukikikosa, kichape mwenyewe

Kwa kitabu ambacho hakimiliki imekwisha, mara nyingi naacha barabara kabisa. Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyoanza 1971, ina maandishi ambayo watu wa kujitolea wameyasoma ukurasa kwa ukurasa. Internet Archive, nayo ya mtandaoni, ina picha za kurasa zenyewe. Kwa kitabu cha maneno matupu chukua cha kwanza. Kwa chenye Kiebrania, milinganyo au michoro chukua picha, na usiguse yale maandishi ambayo mashine imeyatoa chini yake, kwa sababu hapo ndipo nnin zinapozaliwa.

Peleka faili kwa flashi. Mjini, upande wa River Road, mimi hulipa shilingi 3 kwa ukurasa mweusi na mweupe, na 150 za kufunga kwa waya. Kurasa 300 ni kama shilingi 1,050, pungufu ya nilichotoa siku ile ya mvua. Chapisha kwanza kurasa nne tu uone wino. Mwambie aache sentimita mbili na nusu upande wa mgongo, asijaze karatasi kwa kuhurumia pesa zako. Na kama ni cha Kiebrania, mwambie kabla hajashika mashine ya kutoboa kwamba mgongo uko kulia. Mimi nilimwambia akiwa ameshatoboa.